Walipozima Moto wa Zizi

Simpendi simba, na sioni sababu ya mtu kuniomba nimpende. Wapo watu, wengi wao wamezaliwa mahali ambapo mnyama mkali kuliko wote ni mbwa wa jirani, wanaomsifu kana kwamba aliwahi kuwalipia karo. Mfalme, wanasema. Jasiri. Mimi nilizaliwa Karagwe, juu ya kilima upande wa Nyaishozi, miaka ile ya kabla ya vita vya pili vya Wazungu, na bonde lililokuwa chini ya nyumba yetu lilikuwa la simba kuliko lilivyokuwa letu. Ninachokijua juu yake sikukisoma mahali.

Kwanza, ni mvivu. Mchana kutwa amelala chini ya mgunga, chali, miguu juu, kama mtu aliyezidiwa na rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Pili, ni mporaji. Fisi anasemwa vibaya kila mahali, lakini nimeona fisi wakihangaika na pofu mzima, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, wamemwangusha kwa jasho lao, kisha simba anakuja akitembea taratibu na kuwafukuza mezani. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Kweli kabisa, ila hawakusema nyama ilikuwa ya nani.

Na huyo dume mwenye manyoya shingoni ambaye sura yake inachorwa kila mahali, kuwinda si kazi yake sana. Wanaowinda ni majike. Wao ni ndugu: mama, mabinti, dada, mama wadogo. Wamezaliwa bonde moja na wengi hufia bonde hilohilo. Hulea pamoja, na mtoto mwenye njaa hunyonya kwa jike yeyote aliye karibu. Dume ni wa kuja. Akipevuka hufukuzwa kwao, anaranda porini yeye na kaka zake mpaka wapate familia ya mwenzao aliyezeeka. Humtoa huyo mzee kwa meno, halafu huwaua watoto wachanga waliokutwa, ili mama zao wapate joto upesi na kuwazalia wao.

Hilo la mwisho nilikuja kulijua ukubwani, kwa mume wangu, aliyefanya kazi ya kufuata nyayo kwa Bwana Nyama, kama tulivyomwita ofisa wa serikali aliyeshughulikia wanyama wa porini. Alinieleza mpaka mwisho. Akaniuliza kama nimeogopa. Nikamwambia sijaogopa, nimemkumbuka baba mdogo.

Baba mdogo alikuwa mdogo wake baba, tumbo moja. Alikuwa na wake wawili ng'ambo ya kilima, na shamba la migomba lililojaa magugu, na sauti nzuri sana. Nasema hivyo bila kejeli. Akizungumza barazani watu waliacha kutafuna. Baba yangu hakuwa na sauti. Alikuwa na ng'ombe wa pembe ndefu, si wengi, na kibanja cha migomba na mibuni ambacho mama alikitunza mpaka wapita njia wakawa wanasimama kukitazama.

Ndipo baba akaanza kukohoa. Mwanzoni alikamua mwenyewe akiwa ameegemea nguzo, baadaye hakuweza hata kuchuchumaa. Kwetu mwanamke hakukamua ng'ombe. Alisafisha vibuyu vya maziwa, alisukasuka siagi, alilea ndama ndani ya nyumba, lakini mkono wake haukushika chuchu ya ng'ombe. Ilikuwa aibu kwa mume, na iliaminika ng'ombe watakauka. Mimi nilikuwa mtoto wao pekee aliyebaki, tena wa kike. Baba mdogo aliombwa aje kukamua. Alikuja mara chache, akachoka. Mama akafunga kanga kiunoni, akaingia zizini, akakamua.

Watu walisema sana. Mama alikuwa amebatizwa na Walutheri, na wengine walisema hayo ndiyo mafundisho yao. Ng'ombe hawakukauka. Ng'ombe mmoja mweusi, mwenye hasira za kuzaliwa nazo, aliyewahi kumvunja mtu mguu, akamzoea mama kiasi kwamba hakukubali mkono mwingine. Mama alikuwa akimwimbia kwa sauti ya chini, huku ndama akiwa amesimama mbele ya macho yake, na maziwa yalishuka.

Baba alipojua kwamba hatapona aliwaita watu wawili, mdogo wake na mzee mmoja jirani ambaye neno lake liliheshimiwa. Mimi nilikuwa nimekaa na mama miguuni pa kitanda. Akasema, pole pole, akipumzika kila baada ya maneno mawili matatu, kwamba ng'ombe wengine wamwendee mdogo wake, ila yule mweusi na ndama wake ni wa mama yangu, na kwamba mama asiondolewe katika nyumba ile. Mzee jirani akaitikia. Baba mdogo akaitikia, kwa ile sauti yake.

Mtu wa mjini huenda asione uzito wa ng'ombe mmoja. Ardhi ya vilima vyetu ni nyepesi. Mgomba bila samadi hutoa mikungu ya kutia huruma, halafu hautoi kabisa. Mwanamke mwenye ng'ombe ana samadi, mwenye samadi ana ndizi, na mwenye ndizi ana nyumba. Hakuna atakayemwambia anakaa pale kwa ajili gani. Mjane asiye na ng'ombe wala mtoto wa kiume alikuwa na njia mbili: kurithiwa na shemeji, au kurudi kwa kaka zake. Kaka za mama walikuwa mbali, Murongo, karibu na mpaka wa Uganda. Na kurithiwa alikuwa amekwisha kukataa mapema, baba akiwa bado anapumua, kwa maneno ambayo baba mdogo hakuyasahau: "Shemeji, nyumba yako ina wake wawili na jembe moja. Mimi niache."

Baba akafa.

Sasa nieleze desturi, maana humo ndimo balaa lilimoingilia. Mlangoni mwa zizi huwashwa moto wa samadi kavu. Moshi wake hufukuza nzi, na mwanga wake huwaambia wanyama wa porini kwamba hapa kuna watu. Moto huo hauzimwi maadamu mwenye zizi yu hai. Akifa, huzimwa. Tena ndama hutenganishwa na mama zao, hufungiwa mbali, ili ng'ombe walie. Msiba ambao ng'ombe hawakuulilia ulikuwa msiba wa mtu asiye na kitu. Ng'ombe wakilia vizuri, hata watu wa kilima cha pili husema, naam, amekufa mtu.

Tatizo ni kwamba siku zile simba walikuwa wamehamia upande wetu wa bonde. Tulikuwa tumesikia ngurumo, na ngurumo ya simba husafiri mbali mno, mtu anaweza kutembea asubuhi nzima asimfikie aliyenguruma. Lakini hii haikuwa ya mbali. Vyombo vilitetema.

Mama aliwaendea waombolezaji wanaume, akapiga goti kama ilivyompasa, akasema, "Shikamooni wazee. Naomba moto uachwe. Na ndama waachwe na mama zao. Ng'ombe akilia, simba anasikia."

Baba mdogo alikuwa ameshika kibuyu cha rubisi. Akasema, "Ninyi mnasikia? Anayekamua ng'ombe za watu sasa atatufundisha na kuzika."

Wakacheka, msibani. Mama hakuondoka. Ndipo mzee jirani akamwambia kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kile kicheko, "Mwanangu, wafalme wetu wakifa hugeuka simba. Hilo unalijua. Wale walio bondeni ni wakubwa waliotangulia, wamekuja kumpokea mumeo. Hawagusi ng'ombe wa msiba." Simba akanguruma tena huko chini, na yule mzee akapiga makofi kwa heshima, kama anavyoamkiwa mtu mkubwa. Wengine nao wakapiga makofi.

Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka kuwachukia. Nimekaa na chuki hiyo maisha yangu yote na haijanidhuru.

Basi wakamwaga maji kwenye moto. Ndama wakafungiwa kibanda cha nyuma ya nyumba. Ng'ombe wakaanza kulia, na walilia kweli; kiwele kimejaa, ndama anasikika upande wa pili, hakuna mtu anayekuja. Waliendelea hivyo mpaka kukaribia kucha, na watu waliolala msibani wakasema baba ameliliwa kama mfalme.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, na kutoka mlangoni kwetu hukuuona hata mgomba wa kwanza. Hivyo ndivyo simba apendavyo. Macho yake yanaona penye giza na penye ukungu kuliko ya ng'ombe, na hana mbio za kudumu. Lazima afike karibu sana bila kuonekana, arushe nguvu zake zote mara moja, akikosa anakaa chini akihema. Hukosa mara nyingi kuliko anavyopata. Ndiyo maana anapenda kusaidiwa, na sisi tulimsaidia.

Dume alisimama kilimani, juu ya zizi, upande upepo ulikotoka, akanguruma. Hakufanya kingine. Ng'ombe walipopata sauti na harufu kwa pamoja walielemea boma upande wa chini. Lilikuwa boma la miiba, la kuzuia anayeingia, si la kuzuia kundi linalotoka. Likapasuka. Na huko chini, ndani ya nyasi, majike walikuwa wamejilaza wakisubiri.

Hayo niliyaunganisha baadaye. Wakati ule nilisikia tu kishindo, miiba ikivunjika, kisha ng'ombe mmoja akitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa ng'ombe. Mama alikuwa jikoni akichochea uji wa wafiwa. Alivuta fungu la majani makavu ya migomba, akalitia motoni, akatoka nalo likiwaka. Sikumwelewa anakwenda wapi mpaka nilipomfuata hadi pembe ya nyumba. Alikwenda kwenye kibanda cha ndama. Palikuwa na jike mmoja pale, amesimama kwa miguu ya nyuma, kucha zimetoka, anavuta fito za ukuta. Alikuwa amekonda. Mbavu zilihesabika. Mama hakupiga kelele wala hakukimbia, alimwendea na ule moto akiutikisa kila upande, na cheche zilipomwangukia yule jike puani alirudi nyuma, akakoroma, akageuka na kumezwa na ukungu. Mama aliendelea kusimama pale mpaka majani yakamwisha mkononi. Kovu la kiganja chake lilikuwa gumu, nililishika mara nyingi nilipokuwa mtu mzima.

Wanaume walikuwa wapi? Walikuwa ndani ya kibanda cha maombolezo, mlango umezibwa kwa mkeka. Baba mdogo alikuwa miongoni mwao.

Ukungu ulipopanda tuliona mambo yote kutoka kilimani. Ng'ombe wawili walikuwa chini nyasini: mwekundu, ambaye baba alimpa baba mdogo zamani na akaendelea kutuachia tumlishe, na mtamba mmoja. Majike walikuwa wameshamfungua mwekundu tumbo wakati dume alipowasili. Aliwapiga makofi, akawafukuza, hata yule aliyeua, akala peke yake, na watoto waliokaribia aliwakoromea. Nilimtazama mzee jirani. Hakupiga makofi.

Jua lilipokuwa kali wanaume walipata ujasiri, wakashuka na mikuki na madebe. Simba wakiwa wameshiba hawaoni haja ya ugomvi; waliondoka wakiburura matumbo. Ng'ombe waliotawanyika walikusanywa, na yule mweusi alipatikana kibanjani, ana mchubuko begani, amejibanza kati ya migomba kama mtu anayejificha mvua. Mama alimletea ndama wake akakamuliwa hapohapo.

Siku hiyohiyo alasiri wakakaa kikao. Niliamini, kwa akili yangu ya kitoto, kwamba wamekaa kumwomba mama radhi. Baba mdogo akasimama. Akasema simba wamekuja kwa sababu nyumba ile ilikuwa imeharibiwa na mkono wa mwanamke kwenye chuchu za ng'ombe. Wakubwa wamekasirika, wamechukua fidia yao. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka. Akasema, "Marehemu kaka alimwachia shemeji ng'ombe mwekundu. Kwa bahati mbaya huyo ndiye aliyeliwa na simba. Tumpe pole. Huyu mweusi ni wangu, kama walivyo wengine."

Mama akamtazama mzee jirani. Sote tulimtazama. Siku ya wosia alikuwa amekaa kitandani pa baba, aliitikia kwa kinywa chake. Mama akamwambia, "Baba, sema ulichosikia."

Mzee akatazama fimbo yake. Leo namwelewa, ingawa kumwelewa si kumsamehe. Angesema kweli, swali la pili lingekuwa ni nani aliyeamuru moto uzimwe, na ni nani aliyesema simba hawagusi ng'ombe wa msiba. Pale hapakuwa na mwanamume ambaye hakuwa amecheka au kupiga makofi. Kumpa mama haki kulikuwa kujihukumu wenyewe. Akasema, "Mimi mzee. Masikio yangu siku hizi si mazuri. Tumwachie mwenye ukoo."

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Siku ile ilikuwa ndefu ya kutosha kumfikisha alikotaka.

Nikasema mimi nilisikia, baba alisema mweusi. Shangazi mmoja akanifinya nikanyamaza. Ushahidi wa mtoto wa kike haukuwa kitu, na kwa vyovyote vile mimi mwenyewe nilikuwa mali ya ukoo. Mtoto ni wa baba. Baba akifa ni wa ndugu zake. Mama angeweza kuondoka, mimi nisingeweza. Baba mdogo alilijua hilo, ndiyo maana alimalizia kwa ukarimu mkubwa, akasema shemeji bado anakaribishwa kukaa, ila akae kama mke.

Mama akasimama. "Asubuhi nimekutana na simba kibandani," alisema, "akaona moto akaniondokea. Wewe nitakuwashia nini?" Hakungoja jibu, aliingia ndani kufunga mzigo.

Aliondoka kesho yake kulipopambazuka, njia ya Bugene, ili aendelee mpaka Murongo. Hakulia mbele yangu. Alinisuka nywele kwanza, akinivuta sana, akaniambia nikipewa kazi nifanye na nikipewa maneno ninyamaze, na kwamba nitakapoolewa nimtafute. Mimi nililia kwa niaba ya wote wawili. Mume wangu aliponiambia, miaka mingi baadaye, kwamba binti simba haondoki kwa mama yake, wanawinda pamoja na kuzeeka pamoja, nilitoka nje nisimwonyeshe uso wangu. Kati ya mambo yote ninayomchukia simba, hilo ndilo kubwa.

Mama alikuwa hajafika hata mtoni pale baba mdogo alipoingia zizini na kibuyu. Alitaka kukamua ng'ombe wake mbele ya watu, akabidhiwe urithi waone. Ng'ombe mweusi alimngoja achuchumae vizuri. Teke la kwanza lilivunja kibuyu, la pili lilimpata yeye gotini. Wakamfunga ng'ombe miguu kwa kamba, akazuia maziwa. Mtu hawezi kumlazimisha ng'ombe ashushe. Mke mkubwa wa baba mdogo akajaribu kumletea ndama, akatishwa pembe. Kufikia jua kuwaka kiwele kilikuwa kimejaa mpaka kinang'aa, ng'ombe analia, watu wamesimama. Maziwa yakiganda kiweleni, ng'ombe wa aina ile huharibika daima, na kila mmoja pale alijua.

Baba mdogo akaniita. Sauti nzuri ilikuwa imepungua. "Kimbia," akasema, "mwambie mama yako arudi mara moja, akamue huyu ng'ombe. Mwambie hata akae siku chache."

Nilikimbia kuliko nilivyowahi kukimbia, nikidhani ninakwenda kumrudisha nyumbani. Nilimkuta ametua mzigo kando ya njia anafunga upya kitambaa cha mkono ulioungua. Nikamwambia yote, huku nikihema: teke, kibuyu, kamba, kiwele. Nikamwambia wanakuhitaji, twende.

Akanifuta jasho usoni kwa ule mkono mzima. Nilimwona anatazama njia ya kurudi, na niliona alivyokuwa anampenda yule ng'ombe.

"Kamwambie baba yako mdogo," alisema, "ng'ombe wangu aliliwa na simba."

Akajitwika mzigo, akaenda.